Mtoto Anatapika Kila Asubuhi na Kipimo Hakionyeshi Malaria: Maswali Ninayoulizwa Wodini

Mimi ni muuguzi wa watoto hapa Kisumu. Tukimpokea mtoto mwenye uvimbe wa ubongo, mara nyingi mama hufungua mkoba na kunionyesha dawa alizokwisha kumpa. Kwa mtoto mmoja wa miaka saba nilihesabu pakiti nne za dawa ya malaria, mbili za taifodi na moja ya minyoo, zote za miezi mitatu iliyopita. Mtoto mwenyewe alikuwa ameketi kwenye benchi, amefunika jicho moja kwa kiganja. Mama alisema ni mchezo aliouzoea siku hizi. Haukuwa mchezo: alikuwa anaona vitu viwili viwili, na akifunika jicho moja anaona kimoja.

Uvimbe wa ubongo ni nini hasa?

Ni seli zinazoongezeka bila mpangilio mpaka zikafanya donge ndani ya ubongo. Uvimbe mwingine ni saratani, mwingine si saratani. Hata usio saratani ni hatari, kwa sababu fuvu ni mfupa na halina nafasi ya kutanuka. Kwa watoto, uvimbe huota sana sehemu ya nyuma ya ubongo, ile inayoshika mizani ya mwili, na unaweza kuziba njia ya maji yanayozunguka ubongo. Maji yakikosa pa kupita, kichwa hujaa shinikizo. Mama, hukuuleta kwa chakula ulichokula ulipokuwa mjamzito, wala hakuna aliyekutumia kwa uchawi.

Mwanangu anaamka na maumivu ya kichwa, anatapika, kisha anapata nafuu na kwenda shule. Si malaria hiyo?

Amepimwa? Kama amepimwa na hana vimelea, si malaria. Ukimnunulia dawa nyingine ya malaria, bado si malaria. Ukihama duka la dawa ukaenda kwa yule wa kule sokoni, bado si malaria.

Tazama inavyokwenda. Mtoto akilala usiku kucha, shinikizo ndani ya kichwa hupanda, ndiyo maana anaamka na maumivu na kutapika, mara nyingine kabla hajala chochote. Akiinuka na kutapika, anapata ahueni. Saa nne anacheza mpira. Mzazi anasema dawa imefanya kazi, kumbe dawa haikufanya lolote. Kesho asubuhi anatapika tena. Mara nyingi hana homa hata kidogo, na hilo peke yake lingetosha kukufanya uulize.

Kutapika kwa namna hii kukifika wiki mbili, au maumivu ya kichwa yakirudi rudi kwa wiki nne, mtoto apelekwe hospitali achunguzwe macho, mwendo na mishipa ya fahamu, na daktari aamue kuhusu picha ya kichwa. Akiwa na dalili nyingine juu ya hizo, usisubiri wiki ziishe.

Lakini sisi kipimo kilionyesha malaria.

Hilo linawezekana kabisa. Huku kando ya ziwa mtoto anaweza kuwa na vimelea kwenye damu na bado kinachomtapisha ni kitu kingine. Mpe dawa, amalize dozi ya siku tatu. Akiendelea kutapika asubuhi baada ya dozi kuisha, rudi hospitali. Usirudi dukani. Malaria ya tatu mfululizo kwa mtoto asiye na homa naomba uitilie shaka, na wewe mwenye duka la dawa unayesoma hapa, naomba uitilie shaka zaidi. Taifodi na amiba ni vivyo hivyo. Wapo watoto waliomeza dawa za amiba tangu muhula wa kwanza hadi wa pili.

Dalili nyingine ni zipi?

Mtoto aliyekuwa akitembea vizuri anaanza kuyumba, anapanua miguu akitembea, anashika ukuta. Anainamisha kichwa upande mmoja muda wote. Jicho limeanza kuangalia upande. Hati yake ya mkono imeharibika, vikombe vinamponyoka. Nimewauguza watoto waliochapwa shuleni kwa uandishi mbaya na nyumbani kwa kuvunja vyombo, na shida ilikuwa kichwani. Tafadhali, mtoto anayebadilika ghafla apimwe kabla ya kuadhibiwa. Kwa mtoto mchanga, angalia kichwa kinachokua upesi kuliko mwili na utosi uliovimba. Degedege bila homa nayo ni ya kupelekwa hospitali.

Akisinzia kupita kiasi na kuwa mgumu kuamka, hiyo ni dharura ya saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Na uvimbe wa uti wa mgongo?

Mtoto hulalamika mgongo, hasa usiku akilala. Watoto hawaumwi mgongo kwa sababu ya uzee, kwa hiyo msimkande tu mafuta. Miguu ikilegea, au akishindwa kukojoa, au akianza kujikojolea wakati alikwisha kuacha, mlete siku hiyo hiyo. Miguu iliyokufa ganzi leo ina nafasi ya kurudi. Iliyokaa hivyo wiki tatu mara nyingi hairudi.

Nikifika hospitali kubwa, ni nani watakaomtibu?

Ni watu wengi, na wazazi huchoka kuwaona wakipishana kitandani. Daktari wa upasuaji wa ubongo hutoa uvimbe, wote au sehemu, na kama maji yamejaa huyatengenezea njia, mara nyingine kwa mrija unaoyashusha hadi tumboni. Mtaalamu wa dawa ya usingizi humlaza mtoto kwa upasuaji, na mdogo asiyeweza kutulia, hata kwa picha ya MRI. Kipande kilichotolewa huenda kwa mtaalamu wa maabara, ambaye huutaja uvimbe kwa jina lake, kwani bila jina hakuna ajuaye dawa ya kumpa. Hapo huingia daktari wa saratani za watoto na yule wa mionzi. Madaktari hawa huketi pamoja, wakatazama picha zile zile na kukubaliana. Ndiyo maana unaambiwa usubiri siku kadhaa, hawajakusahau.

Yuko pia mtaalamu wa mazoezi ya viungo, wa macho, wa lishe, na afisa wa ustawi wa jamii. Huyu wa mwisho usimkwepe. Mionzi kwa baadhi ya uvimbe hutolewa Jumatatu hadi Ijumaa kwa wiki sita hivi, na mama aliyetoka Migori au Busia hawezi kusafiri kila siku hadi Eldoret, Nakuru au Nairobi. Afisa huyo ndiye wa kukusaidia kutafuta pa kulala. Mwambie ukweli kuhusu nauli. Na usajili wa SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, ufanyike sasa mtoto akiwa mzima, naye aandikwe chini yako.

Alichomwa sindano wodini, sasa anakula na kucheka. Si twende nyumbani?

Hapana. Sindano hiyo ni deksamethasoni. Inapunguza maji yaliyovimbisha ubongo kuzunguka uvimbe. Uvimbe wenyewe uko pale pale. Mtoto anaamka, anaomba chapati, baba anasema maombi yamejibiwa, na familia inaondoka na barua ya rufaa ikiwa imekunjwa mfukoni. Wengi wa hao hurudi wakiwa wamebebwa. Msiondoke. Na dawa hiyo isikatizwe ghafla nyumbani. Hupunguzwa kidogo kidogo kwa maelekezo ya daktari.

Tangu afanyiwe upasuaji hasemi neno. Wamemharibu?

Baada ya upasuaji wa sehemu ya nyuma ya ubongo, baadhi ya watoto hunyamaza siku moja au mbili baadaye, hulia sana na kulegea. Hali hii inajulikana na timu inaitarajia. Kwa wengi sauti hurudi, ingawa huchukua wiki au miezi, na matamshi yanaweza kubaki mazito. Endelea kumsemesha na kumtajia majina ya ndugu zake. Kumtoa wodini ili akatolewe pepo kunamkosesha mazoezi anayoyahitaji wakati huo huo.

Tunaweza kwenda kwa maombi kwanza?

Ombeni. Hata mimi huomba. Lakini ombeni mkiwa njiani kuja hospitali. Chale za kichwani na majani ya kufukiza sizikubali, na ninasema hivyo nikiwa nimesafisha vidonda vyake kwa mikono yangu.

Je, kuna wanaopona?

Wapo. Kuna uvimbe unaopona kwa upasuaji peke yake ukitolewa wote. Mwingine huhitaji upasuaji, mionzi na dawa za kemo, yaani dawa za kuua seli za saratani, na mtoto akaishi. Shirika la Afya Duniani linasema nchi tajiri huponya zaidi ya asilimia 80 ya watoto wenye saratani kwa jumla, na nchi nyingi maskini chini ya asilimia 30. Kuchelewa kutambua ugonjwa na kukatiza matibabu ni miongoni mwa sababu zake. Hizo mbili zinaanzia nyumbani na kwenye duka la dawa, na pia, nakiri, kwenye zahanati tunapoandika malaria bila kupima.

Basi nimpe dozi moja ya mwisho ya malaria nione?

Hapana. Chukua daftari, andika tarehe alipoanza kutapika, ni saa ngapi, na dawa zote alizokwisha kumeza. Beba pakiti zenyewe. Ukimfikia daktari mwambie hivi: "Anatapika asubuhi, hana homa, na kutembea kwake kumebadilika." Kama mtoto wako ana hayo, na daktari akakupa tena dawa ya malaria bila kumtazama macho wala kumtembeza, mwombe kwa heshima barua ya rufaa, na usiondoke hapo bila hiyo barua.