Kadi inasema wiki 10, mume karudi wiki 8 zilizopita

Dereva wa lori anarudi Mbagala kutoka Tunduma Machi 15. Mei 10 mkewe anatoka kliniki, kadi imeandikwa mimba ya wiki 10. Mume anahesabu kwa vidole: yeye ana wiki 8 tu tangu arudi. Hizo mbili zimetoka wapi? Hapo ndipo mwanamke asiye na kosa anapoambiwa afungashe nguo.

Dhana: Wiki za kwenye kadi zinaanza siku mimba ilipoingia.

Ukweli: Zinaanza siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Nesi anauliza tarehe hiyo kwa sababu mama anaweza kuikumbuka. Siku yai lilipotoka hakuna aliyeiona. Mwenye mzunguko wa siku 28 hushika mimba kama wiki mbili baada ya hapo. Mke wa dereva aliona siku zake Machi 1, kwa hiyo wiki 10 za kadi ni wiki 8 za mimba yenyewe. Kadi iko sawa, na mke hakudanganya. Hata zile wiki 40 za kujifungua, mtoto hukaa tumboni takriban 38.

Dhana: Kila mwanamke hushika mimba siku ya 14.

Ukweli: Yai hutoka kama siku 14 kabla ya hedhi *inayofuata*. Mwenye mzunguko wa siku 35 hufika huko siku ya 21 hivi. Anayenyonyesha, au aliyeacha sindano ya miezi mitatu, anaweza kushika mimba kabla hata hajaona siku zake. Wengine hutokwa na damu kidogo mimba ikiwa changa, wakadhani ni hedhi.

Dhana: Siku ya tendo ndiyo siku ya mimba.

Ukweli: Mbegu huweza kukaa hai hadi siku 5 zikilisubiri yai.

Dhana: Altrasaundi itataja usiku wenyewe.

Ukweli: Inapima ukubwa wa mtoto tu. Kabla ya wiki 14 hukosea kwa siku 5 hadi 7. Miezi ya mwisho hata wiki 3, maana watoto hawakui sawa. Kipimo cha miezi minane kisimtie mtu hatiani. Shaka ya nani baba huamuliwa na DNA, na hapa Dar kazi hiyo iko kwa Mkemia Mkuu wa Serikali.

Kabla ya kuwapigia wakwe simu, soma kwenye kadi tarehe ya hedhi ya mwisho, kisha ongeza siku 14 kama mzunguko ni wa siku 28, au 21 hivi kama ni wa siku 35.