Batani Iliyokufa Haifufuki kwa Kupigiwa Windows

Jumatatu alikuja mwalimu mmoja wa sekondari, laptopu kwapani, hata salamu haijaisha: "Fundi, herufi A imekufa. Kirusi hicho. Nipigie Windows upya." Nikamuuliza mafaili yake ameyaweka wapi. Mitihani yote ya muhula imo humo humo. Nikamwambia, "Mwalimu, kaa kwanza, kahawa inakuja." Kwa maana ningemfanyia alivyotaka, angerudi kwake Chumbageni, hapa hapa Tanga, na Windows mpya, bila mitihani, na bila A.

Huyo ni wa nne mwezi huu. Nimechoka kuyasema, acha niyaandike.

Anayetengeneza virusi anataka nywila yako na pesa zako. Atazipataje kama huwezi kuandika? Mwizi wa namna hiyo anaihitaji kibodi yako iwe nzima kuliko unavyoihitaji wewe. Na kama bado huamini, zima kompyuta, iwashe, uingie BIOS, ile programu ya mashine yenyewe, kabla Windows haijaamka (F2, F10 au Delete, inategemea mashine), utafute mahali pa kuandika huko. Batani ikiwa imekufa hata huko, Windows haihusiki, ilikuwa bado imelala. Au azima kibodi ya USB. A ya nje ikiandika na ya ndani ikagoma, kesi imekwisha. Dakika tano, na hakuna faili lililoguswa.

Tuwe waadilifu lakini. Zipo nyakati Windows ndiyo yenye makosa, na nadhani ndipo imani hii ilipopata mizizi. Shikilia Shift ya kulia sekunde 8, itakuuliza kama unataka Filter Keys. Mtoto akibonyeza ndiyo, kompyuta inaanza kupuuza miguso ya haraka, na kibodi nzima inaonekana imekufa mpaka ushikilie kila herufi kama unabonyeza kengele ya mlango. Kwenye laptopu ndogo, Num Lock ikiwaka, U, I na O zinaandika 4, 5 na 6. Na hizi laptopu za mtumba kutoka Uingereza, @ na alama ya kunukuu zimebadilishana nafasi, mtu anaapa batani zake zimerogwa. Yote hayo ni kubadilisha mpangilio tu. Sasa, fundi asiyejua akipiga Windows upya, Filter Keys inajizima yenyewe, mteja anafurahi, na mtaa mzima unaambiwa kilikuwa kirusi. Utambishia nani?

Ila kinachonipandisha hasira ni hoja hii: "Fundi, chai ilimwagikia huku kushoto, mbona imekufa na M? Haziko karibu. Si maji hayo."

Sikiliza. Laptopu yenye batani themanini na kitu haina nyaya themanini. Ina mistari kama 8 ya huku na 16 au 18 ya kule, inakatizana, na kila batani ni kona ya mistari miwili. Ni Ngamiani tupu, ule mtaa wetu wa barabara za namba: nikikwambia barabara ya nane kona ya mtaa fulani, umefika, hakuna haja ya kila nyumba kuwa na barabara yake. Ukibonyeza, mistari miwili inagusana, chipu inasoma kona, inajua ni M. Mstari mmoja ukiliwa, kona zake zote zinakufa siku moja.

Tofauti na Ngamiani, mistari ya kibodi haikunyooka. Inapindapinda ikitafuta nafasi, kama njia ya mbuzi, kwa hiyo batani za mstari mmoja unaweza kuzikuta pande mbili za kibodi, hazijuani kabisa. Chai imekula mstari kushoto, msiba uko kulia. Ndiyo maana swali langu la kwanza huwa "zimekufa ngapi, na zimekufa pamoja?" Moja peke yake, natazama uchafu, kimpira, na kile kimkasi cha plastiki kinachoishikilia. Zikiwa kundi, nawaza mstari, au utepe wa kibodi uliolegea kwenye kifungio chake, hasa kama juzi mtu aliifungua kusafisha feni. Utepe ukirudishwa vizuri, nimepona kazi.

Na wale wanaoizika laptopu kwenye mchele ili unyonye maji: ndani mna karatasi tatu za plastiki, ya juu na ya chini zimechorwa mistari inayopitisha umeme, ya kati ina matundu. Chai inapenya katikati na kutambaa. Mchele hauingii huko, na hata ungeingia, ungenyonya maji tu, sukari inabaki. Huku kwetu kuna na chumvi ya bahari, nayo huvuta unyevu kutoka hewani, basi kutu haina haraka, inakula taratibu hata laptopu ya mtu asiyekunywa chai. Usipulizie marashi, yana mafuta. Zima, chomoa chaja, toa betri kama inatoka, geuza kifudifudi, lete.

Vitabu vinasema mstari ukikatika badilisha kibodi. Mimi nimewahi kuunganisha kwa rangi yenye madini ya fedha, inayopitisha umeme, nyingine zinaandika mpaka leo, nyingine zilikufa wiki ile ile, na mkono ulikuwa huo huo. Kwa hiyo siahidi tena. Na zipo batani za waja leo waondoka leo, kama mji wetu unavyoitwa: asubuhi inagoma, mchana jua likiwaka inaandika. Hizo nikizifungua nikakuta pasafi, bei yake hunipa tabu kuitaja.

Ya mwalimu? BIOS ilisema imekufa. Nikaing'oa A (yule anayeandika Kiswahili, A ndiyo punda wake), chini nikakuta vumbi la chaki limegandana na kitu cha kunata. Nikasafisha kwa spiriti, nikarudisha kimkasi, ikaandika. Ni chaki iliyokuwa inazuia, au ni kule kuing'oa na kuirudisha tu? Siwezi kuapa.

Alimaliza kahawa, akalipa, akajaribu "aaaaa" mstari mzima, akafunga laptopu yake akitabasamu.

"Kumbe," akasema, "kilikuwa kirusi kidogo."