Nusu saa ya video si safari ya gari
Tangu 2019 husemwa kwamba kutazama video mtandaoni nusu saa hutoa kilo 1.6 za kaboni dioksidi, sawa na kuendesha gari kilomita sita na ushee. Hesabu hiyo ilitoka Ufaransa, kwa taasisi ya The Shift Project, nayo ilikuwa na kosa la kuchekesha kidogo: biti zilichanganywa na baiti, vipimo viwili vya data, na baiti moja ni biti nane. Wenyewe walisahihisha, ila uvumi haukurudi nyumbani. Mwaka 2020 Shirika la Kimataifa la Nishati lilikadiria gramu 36 hivi kwa saa nzima, wastani wa dunia.

Uganda, umeme wa kuchajia simu unatoka hasa kwenye maji ya Nile: mabwawa ya Nalubaale na Kiira kule Jinja, Bujagali, Isimba, na sasa Karuma yenye megawati 600. Minara ya simu inayonguruma kwa dizeli ni habari nyingine.

Mzigo mkubwa uko kwenye simu yenyewe. Sehemu kubwa ya hewa chafu yake hutoka kiwandani, kabla haijafika duka lolote la Kampala. Fundi anayekubadilishia betri ukakaa na simu miaka miwili zaidi huenda anaokoa zaidi kuliko wewe unayejinyima video.