Dozi ya siku tano si dozi pungufu

Siku hizi mgonjwa akirudi dirishani kwetu kulalamika, mara nyingi ameshahesabu vidonge. Ametoka kwa daktari na cheti cha antibiotiki, dawa ya kuua bakteria, iitwayo amoksisilini, ya siku tano, anakumbuka kwamba nimonia ya mwaka juzi alitibiwa siku kumi, na anataka kujua nani amempunguzia dawa. Wapo wanaokwenda kujinunulia siku tano nyingine kwingine bila kumwambia mtu. Kila mwaka tarehe 18 hadi 24 Novemba huwa ni wiki ya dunia ya kuhamasisha juu ya usugu wa vimelea dhidi ya dawa, na safari hii nimeomba niitumie kulijibu swali hilo, kwa sababu ni swali la haki na jibu lake halijaelezwa vya kutosha. Mimi ni mfamasia. Wenzangu wa maabara wameniomba niseme na yao pia, hivyo nitawagusa.

Hakuna aliyepunguziwa dawa. Siku saba, siku kumi na siku 14 ni hesabu tulizozirithi, na nyingi kati yake zilitokana na mazoea kuliko utafiti. Katika miaka ya karibuni watafiti wamekaa wakazilinganisha na muda mfupi zaidi, ugonjwa mmoja baada ya mwingine. Kwa nimonia ya kawaida ya mtu mzima ambaye homa imeshuka na anapumua vizuri, siku tano zinatosha. Kwa nimonia ya mtoto, kutegemea dalili na mazingira, ni siku tatu hadi tano. Mwanamke mwenye maambukizi ya kibofu yasiyo na utata, yale ambayo wengi wanayaita UTI, anaweza kumaliza matibabu kwa siku tatu za kotrimoksazoli au tano za nitrofurantoini, kama vimelea bado vinasikia dawa hizo.

Uliowashangaza wengi ni utafiti uliochapishwa Novemba 2024 kuhusu bakteria walioingia kwenye damu, ugonjwa ambao hakuna anayeuona mdogo. Ulifanyika katika hospitali 74 za nchi saba, kwa wagonjwa 3,608. Nusu walipewa antibiotiki siku saba, nusu siku 14. Ndani ya siku 90, asilimia 14.5 ya waliotibiwa siku saba walikuwa wamefariki. Kwa waliotibiwa siku 14 ilikuwa asilimia 16.1. Wiki ya pili haikuokoa watu zaidi. Wagonjwa wenye bakteria aina ya Staphylococcus aureus katika damu hawakuhusishwa, na hao bado wanahitaji muda mrefu.

Hapo naomba tuelewane vizuri, maana nimeshasikia makala kama hii ikisomwa nusu. Siku tano si kanuni ya kila ugonjwa. Maambukizi ya mifupa na ya vali za moyo hutibiwa kwa wiki kadhaa. Koo linaloumwa kwa sababu ya bakteria wa streptokoka, pale ambapo homa ya baridi yabisi, inayoweza kuharibu moyo, ni tishio, bado hutibiwa kwa penisilini ya siku kumi, kwa sababu tunachokinga hapo ni moyo. Kifua kikuu cha kawaida bado ni miezi sita kwa wagonjwa wengi, ingawa tangu 2022 miongozo ya Shirika la Afya Duniani inaruhusu miezi minne kwa baadhi, wakiwamo watoto ambao ugonjwa wao si mkali. Hata kifua kikuu sugu, ambacho wagonjwa walikuwa wakimeza dawa kwa miezi 18 na zaidi, sasa wengi wao wanaweza kutibiwa kwa miezi sita. Katika magonjwa yote haya, muda aliouandika daktari ndio muda.

Najua kinachowachanganya watu, na sehemu ya lawama ni yetu. Kwa miaka mingi sisi wenyewe tulibandika kwenye kuta maneno "maliza dozi hata kama umepona". Hofu ilikuwa kwamba bakteria waliojeruhiwa bila kufa wangerudi wakiwa sugu. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alitoa onyo la namna hiyo katika hotuba yake ya Nobel mwaka 1945: ukiwapa vijidudu dawa kidogo isiyowaua, unawafundisha kuistahimili. Onyo lile lilihusu dawa isiyofika kiwango, na lingali kweli. Anayetakiwa kumeza kapsuli moja mara tatu kwa siku akameza moja tu anafanya kosa hilohilo. Lakini kutoka hapo tulivuka tukaamini kwamba kadiri dozi inavyorefuka ndivyo usugu unavyopungua, na hilo si kweli kwa maambukizi mengi ya kawaida.

Sababu yake inahitaji maelezo kidogo. Dawa ikishamezwa haiendi kwenye pafu linaloumwa peke yake. Inapita mwili mzima, na inawakuta bakteria chungu nzima wa kwenye utumbo na ngozi ambao hawakumkosea mtu, wengine wakiwa msaada katika kusaga chakula na kuzuia wabaya wasijipenyeze. Wanaoshindwa na dawa wanakufa. Wachache wenye uwezo wa kuivunja, au wa kuisukuma nje ya seli zao, wanabaki na nafasi yote. Bakteria kama E. coli akiwa katika mazingira mazuri hugawanyika kila baada ya dakika 20 hivi, kwa hiyo nafasi hiyo haikai wazi. Tena bakteria hawangoji kuzaa ili kurithishana: hupeana vipande vidogo vya vinasaba hata kwa jamaa wa aina nyingine kabisa. Yule E. coli aliyekaa kimya tumboni baada ya dozi ya kikohozi ndiye anayeweza kuingia kwenye kibofu miezi miwili baadaye, akiwa tayari ameshazoea dawa. Kila siku ya antibiotiki isiyohitajika inaongeza nafasi hiyo.

Mwaka 2019 vifo milioni 1.27 duniani vilikadiriwa kusababishwa moja kwa moja na bakteria sugu. Wengi wao walikuwa na magonjwa yenye tiba: nimonia, damu iliyoingiwa na bakteria, maambukizi ya ndani ya tumbo. Dawa iliyotakiwa kufanya kazi haikufanya.

Baada ya maelezo hayo bado siruhusu mtu ajikatie dozi mwenyewe kwa kuwa homa imeshuka siku ya pili. Ukijisikia umepona kabisa kabla ya muda, piga simu au rudi uulize. Daktari aliyekuona anajua kama alikuwa anatibu kibofu au figo, na tofauti ya hapo ni kubwa. Vilevile ukifika siku ya tatu hujaona nafuu, rudi. Usiongeze vidonge, na usibadili dawa kwa ushauri wa jirani.

Kuhusu mafua nitasema kwa ufupi, kwa sababu limesemwa mno na bado linarudi. Antibiotiki haiui virusi. Haiui hata kidogo, hata ikiwa ya bei kubwa, hata ikiwa sindano. Kamasi kugeuka rangi ya kijani si ushahidi wa bakteria. Ni chembe za kinga za mwili zikifanya kazi yake. Kikohozi cha mafua huweza kuchukua wiki mbili hadi tatu kwisha, na mtu aliyemeza antibiotiki siku ya nane akapona siku ya kumi na mbili alikuwa anapona tayari. Kuhara kwa maji kwa mtoto kunatibiwa kwa maji yenye chumvi ya kuongezea mwili maji, pamoja na zinki kwa siku 10 hadi 14. Antibiotiki inafikiriwa kukiwa na damu kwenye choo, au kipindupindu kikali. Inaniuma kuona mtoto analetwa amekaukiwa mwilini, na mkononi mwa mzazi kuna chupa ya dawa ya bakteria iliyotumika nusu, chumvi ya kuongezea maji haijafunguliwa. Mtoto anayepumua haraka, ambaye kifua kinabonyea akivuta pumzi, asiyeweza kunyonya au kunywa, au mwenye degedege, hangojewi nyumbani.

Sasa maabara. Kipimo kinachotuambia ni bakteria gani na anaogopa dawa gani ni cha kuotesha bakteria kutoka kwenye sampuli, na kinaharibika kirahisi kabla hata sampuli haijafika mezani. Sampuli ichukuliwe kabla ya dozi ya kwanza. Mgonjwa aliyeanza kumeza dawa jana anaweza kuwa na bakteria wengi mwilini na bado chupa isioteshe kitu, na majibu ya namna hiyo yanamdanganya daktari. Kama umeshameza chochote, hata kapsuli mbili zilizobaki kabatini, sema. Hatuulizi ili tukugombeze. Tunaandika kwenye fomu, na msomaji wa majibu atayapima kwa jicho hilo.

Mkojo uwe wa katikati: jisafishe, acha wa kwanza upite, kinga unaofuata, malizia chooni. Ufike maabara ndani ya saa mbili, au uwekwe kwenye jokofu, la sivyo vijidudu vichache vilivyodondokea kwenye kikopo vitaongezeka na kuonekana ugonjwa. Kohozi litoke kifuani; mate ya mdomoni tutayarudisha. Damu ya mtu mzima inachukuliwa mililita 8 hadi 10 kwa kila chupa, na kwa kawaida seti mbili kutoka sehemu mbili tofauti za mwili. Watu hulalamika kwamba tunawachoma mara mbili na kuwanyonya damu nyingi. Sababu ni kwamba bakteria katika damu ni wachache kwa kila mililita, na chupa moja ikiotesha bakteria wa ngozi huwezi kujua kama wametoka kwenye damu ya mgonjwa au wameingia na sindano. Chupa za damu haziwekwi kwenye jokofu. Chombo kisicho na jina, namba na saa ya kuchukuliwa hakipokelewi. Hilo halina mjadala, kwa kuwa majibu ya mtu mmoja yakienda kwa mwingine ni hatari kuliko kukosa majibu.

Jambo moja halisubiri taratibu hizi: mgonjwa aliyezidiwa, shinikizo la damu linashuka au anadhaniwa kuwa na homa ya uti wa mgongo. Huyo anapewa dawa mara moja, ndani ya saa moja, na damu inachukuliwa kwanza endapo tu haimcheleweshi.

Majibu ya awali hutoka baada ya siku moja au mbili, ya dawa zinazofaa siku inayofuata, na chupa ya damu hufuatiliwa hadi siku tano kabla ya kusema haina kitu. Kwa sababu hiyo daktari mara nyingi huanza kwa kukisia na dawa pana, yaani inayoua aina nyingi za bakteria, kisha saa 48 hadi 72 baadaye anaipitia upya: aiache, aibadili iwe nyembamba, inayolenga bakteria aliyepatikana, au aisimamishe kabisa. Mgonjwa anayeondolewa dripu siku ya tatu na kupewa vidonge asidhani ametelekezwa. Metronidazoli au siprofloksasini ya kumeza huingia kwenye damu karibu sawasawa na ya mshipa, mradi tumbo linafanya kazi. Uingereza, utafiti wa mwaka 2019 kwa wagonjwa 1,054 wenye maambukizi ya mifupa na viungo uliona kwamba waliopewa vidonge katika wiki sita za mwanzo hawakufanya vibaya kuliko wa sindano. Sindano haina nguvu ya siri. Ina tundu kwenye mshipa, na tundu hilo nalo ni mlango wa bakteria.

Kipimo cha Widal cha taifodi kimenichosha. Kinatafuta askari wa mwili, si bakteria mwenyewe, na askari hao wanaweza kubaki tangu ugonjwa wa zamani, chanjo, au maambukizi mengine. Jibu moja la Widal kwa mtu mwenye homa na maumivu ya kichwa halitoshi kumpa mtu dawa ya taifodi, sembuse kumpa mara nne kwa mwaka.

Mwisho wa malalamiko ni "daktari amekataa kunipa dawa kali". Shirika la Afya Duniani limezipanga antibiotiki katika makundi matatu: za kutumika kwanza, za kuangaliwa, na za akiba. Amoksisilini iko kundi la kwanza, seftriaksoni na azithromaisini kundi la kuangaliwa, kolistini kwenye akiba. Mwaka 2024 nchi wanachama wa Umoja wa Mataifa zilikubaliana kwamba kufikia 2030 angalau asilimia 70 ya antibiotiki zinazotumika kwa binadamu ziwe za kundi la kwanza. Dawa ya akiba hospitalini kwetu haitoki bila sahihi ya daktari bingwa na sababu iliyoandikwa. Fomu isiyo na sababu inarudi wodini. Dawa inaitwa kali pale inapomuua bakteria uliye naye. Kaswende hadi leo inatibiwa kwa penisilini, ilivyotibiwa miaka ya 1940.

Ukiulizwa kama una mzio wa penisilini, eleza kilichotokea na lini. Kati ya watu wanaoambiwa wana mzio huo, zaidi ya tisa katika kumi wakipimwa hukutwa hawana. Kichefuchefu si mzio. Kuvimba midomo, kubanwa na pumzi au vipele vilivyotokea ndani ya saa moja ni jambo jingine. Ukiandikiwa mzio usio nao, kila ukiugua utapewa dawa pana zaidi kuliko inayokufaa, kwa maisha yako yote, na lebo hiyo haifutiki mpaka uombe kupimwa. Na wakati unaacha sampuli maabara, acha pia namba ya simu inayopatikana. Majibu yakituonyesha kwamba bakteria wako haogopi vidonge ulivyopewa, tunahitaji kukupata siku hiyohiyo.