"Nous": neno la Waingereza linalozushiwa mengi

Anayefuatilia Ligi Kuu ya Uingereza kwa matangazo ya Kiingereza ameshalisikia. Dakika ya 89, timu inaongoza bao moja. Kiungo mkongwe anaukokota mpira hadi kwenye kibendera cha kona, anaukinga kwa mgongo, anachezewa faulo. Mtangazaji anamsifia: ana "nous".

Dhana potofu: Ni Kifaransa, kwa hiyo hutamkwa "nu".

Ukweli: Yamefanana maandishi tu. "Nous" ya Wafaransa maana yake ni "sisi". Hii ya Waingereza imetoka Kigiriki cha kale, ambako ni akili, ule uwezo wa kufahamu mambo. Anaxagoras, mwanafalsafa wa karne ya 5 KK, alifundisha kwamba nous ndiyo iliyoupanga ulimwengu. Waingereza hulitamka "naus", na si mtindo wa jana: mwaka 1742 mshairi Alexander Pope, katika The Dunciad, aliliandika kwa herufi za Kigiriki mwishoni mwa mstari na kulipatanisha vina na "house". Alikuwa akiwakejeli wakuu wa vyuo waliojaa elimu ya dini lakini hawana nous.

Kejeli hiyo inaizima pia dhana ya pili, kwamba mwenye nous ni msomi. Unaweza kuwa na shahada tatu na nous usiwe nayo hata chembe. Hii ni akili ya kuisoma hali na kutenda kwa wakati wake. Wakisema "business nous" wanamfikiria mwenye duka anayejua lini ashushe bei na lini akaze. "Political nous" ni ya mwanasiasa anayejua pia siku ya kunyamaza. Vijana wa Tanzania wanaposema mtu "anajiongeza", wamelikaribia sana.

Dhana potofu: Ni ujanja wa kitapeli.

Ukweli: Hapa "mjanja" wetu ndiye anayetuponza, maana anaweza kuwa wa kusifiwa au wa kukimbiwa. Nous ni sifa. Mjanja wa kuuzia watu saa feki, Waingereza wana jina lake jingine: "wide boy".

Wapo wanaodhani ni lugha ya kijiweni isiyofaa kuandikwa. Si rasmi, kweli, lakini magazeti makubwa ya London hulitumia bila wasiwasi, hasa kurasa za michezo na siasa.

Penye makosa mengi ni kwenye sarufi. Hilo "s" la mwisho si la wingi, na neno lenyewe ni nomino. Usiseme mtu "is nous". Sema "has nous", au "lacks nous" kama hana. Muundo unaopendwa zaidi ni ule wa kutaja alichofanya mtu: "She had the nous to keep the receipt", yaani alijiongeza, akaitunza risiti.