Mashine ni ileile, mbona matokeo hayafanani? Maswali kuhusu kusafishwa damu

Mbona mmoja hukaa kwenye mashine ya kusafisha damu (dayalisisi) saa tatu na mwingine saa nne na nusu, na wote figo zimeshindwa kazi?

Sehemu ya jibu iko mwilini: uzito wako, maji yaliyojaa mwilini tangu uliposafishwa mara ya mwisho, na kama bado unapata mkojo kidogo. Sehemu nyingine ni mazoea tu. Kituo hiki kimezoea hivi, nchi ile imezoea vile. Kwa miaka mingi hakuna aliyejua kwa uhakika kama mazoea hayo yana uzito wowote katika maisha ya mgonjwa. Ndipo mwaka 1996 ukaanza utafiti uitwao DOPPS, yaani utafiti wa mazoea ya dayalisisi na matokeo yake, unaoratibiwa kutoka Ann Arbor, jimbo la Michigan. Ulianzia Marekani, ukaenda Ufaransa, Ujerumani, Italia, Hispania, Uingereza na Japani, na kufikia mwaka 2002 ulikuwa katika nchi 12.

Walifanyaje? Waliwabadilishia wagonjwa matibabu?

Hapana. Walitazama tu. Vituo vilichaguliwa kwa bahati nasibu, na ndani ya kila kituo wagonjwa nao wakachaguliwa hivyohivyo, ili mtu asije akaleta wale wenye afya nzuri tu kupamba takwimu zake. Kisha wakaandika: anasafishwa dakika ngapi, damu inatolewa kupitia njia gani, vipimo vinasemaje, amelazwa lini, yu hai au amefariki.

Na waliona nini?

Takwimu zilizochapishwa mwaka 2003 zilishtua wengi. Katika mwaka mmoja, Japani walifariki asilimia 6.6 ya wagonjwa wa dayalisisi, Ulaya asilimia 15.6, Marekani asilimia 21.7. Walipozingatia tofauti za umri na magonjwa mengine, kama kisukari na moyo, pengo halikufutika.

Usikimbilie kusema Wamarekani hawajui kutibu. Japani watu wachache sana hupandikizwa figo, kwa hiyo hata mwenye nguvu zake hubaki kwenye mashine miaka na miaka. Marekani mgonjwa wa namna hiyo ana nafasi kubwa zaidi ya kupata figo na kuondoka kwenye hesabu, wakabaki waliochoka zaidi. Pia Wajapani kwa jumla huishi muda mrefu, figo ziwe nzima au zisiwe. Mimi takwimu za kulinganisha nchi kwa nchi huzisoma kwa tahadhari. Faida kubwa ya DOPPS naiona kwingine, kwenye mambo yanayofanyika pale kitandani.

Mambo gani hayo? Anza na muda.

Wastani wa awamu moja, yaani kukaa kwenye mashine mara moja, katika miaka ile ulikuwa dakika 211 Marekani, 232 Ulaya na 244 Japani. Uchambuzi wa mwaka 2006 ulionyesha kwamba kila nusu saa iliyoongezwa iliendana na hatari ya kifo iliyopungua kwa asilimia 7 hivi. Pia maji yakivutwa kwa kasi ya zaidi ya mililita 10 kwa kila kilo ya mwili kwa saa, presha ilishuka mara nyingi zaidi, na vifo vilikuwa vingi zaidi.

Tuipige hesabu hiyo. Mtu wa kilo 60 amekuja na lita 3 za ziada. Akisafishwa saa 3, mashine inavuta mililita 1,000 kwa saa, yaani karibu 17 kwa kila kilo. Saa 4 ni 12.5. Ili afike 10 anahitaji saa 5, au aje na maji pungufu. Moyo hauna namna ya kuikwepa hesabu hii. Damu hupungukiwa maji haraka kuliko yale yaliyojificha miguuni na kwenye mapafu yanavyoweza kurudi kwenye mishipa, na hapo ndipo kizunguzungu, misuli kukaza na kutapika huingia.

Lakini kutazama si kuthibitisha. Huenda anayevumilia saa nyingi alikuwa na afya bora tangu mwanzo. Marekani walijaribu kulimaliza suala hili kwa jaribio la TiME, lenye wagonjwa zaidi ya 7,000, kundi moja likilenga angalau saa 4 na robo. Likasitishwa mapema: muda wa makundi mawili haukuachana vya kutosha, na vifo havikutofautiana. Swali bado liko mezani, ingawa hesabu ya maji haijabadilika.

Nimeambiwa niwekewe fistula mkononi. Si ndiyo ile ya wanawake waliopata matatizo ya uzazi?

Jina moja, mambo mawili tofauti kabisa. Hii ya mkononi hutengenezwa makusudi: daktari wa upasuaji anaunganisha ateri (mshipa unaotoa damu moyoni) na vena (mshipa unaoirudisha), vena inapokea damu yenye nguvu, inanenepa na kuwa imara kiasi cha kuchomwa sindano kila awamu. Ilielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1966 na madaktari wa New York. Huhitaji wiki kadhaa, hata miezi, kukomaa, ndiyo maana huandaliwa kabla mashine haijahitajika.

Njia nyingine ni katheta, mrija unaoingizwa kwenye mshipa mkubwa wa shingoni au kifuani. Unatumika siku hiyohiyo, lakini unaacha mlango wazi kwa vijidudu kuingia kwenye damu. DOPPS iliona asilimia 80 ya wagonjwa wa Ulaya wakitumia fistula, Marekani 24 tu. Marekani waliamka, wakafanya kampeni, na kufikia mwaka 2013 walikuwa wamefika 68. Si kila mshipa unafaa, hasa kwa wazee na wenye kisukari cha muda mrefu, kwa hiyo mwenye katheta asijione amezembea.

Ukiwa na fistula, iguse kila asubuhi. Utahisi mtetemo, kama nyuki aliyefungiwa chupani. Ukinyamaza, nenda hospitali siku hiyohiyo. Mkono huo usipimwe presha, usitolewe damu ya vipimo, usilaliwe.

Nikikosa siku moja kwa mwezi, kuna shida?

Ipo. Katika DOPPS, waliokosa angalau awamu moja kwa mwezi walikuwa na hatari ya kifo iliyozidi kwa asilimia 30. Potasiamu, madini ya kwenye chakula ambayo figo zilizoshindwa haziyatoi, haingoji urudi. Ikizidi inaweza kusimamisha moyo bila onyo. Ukijua utasafiri au una msiba, zungumza na kituo mapema wakupangie siku nyingine.

Nikitoka kwenye mashine nakuwa hoi hadi kesho yake. Ni kawaida?

Hutokea, ila usinyamaze nayo. Wagonjwa wa nchi 12 walipoulizwa huwachukua muda gani kurudi katika hali yao, asilimia 32 walisema chini ya saa 2, na asilimia 10 zaidi ya saa 12. Waliochukua muda mrefu walilazwa na kufariki zaidi. Mwambie daktari au nesi idadi ya saa badala ya "nachoka tu". Kisha waulize mambo mawili: maji yangu yanavutwa mililita ngapi kwa kilo kwa saa, na ule uzito mnaolenga nibaki nao baada ya kila awamu uliangaliwa upya lini? Mtu akinenepa au akikonda, uzito huo nao hubadilika, na wakati mwingine uchovu wote umetokana na nusu kilo ambayo haikupaswa kutolewa.