Umakini wa mwamuzi wa kikapu ni kuuacha mpira kwa mwenzako

Katika uamuzi wa mpira wa kikapu, umakini si kukodolea mpira macho. Ni kujua macho yako yanatakiwa kuwa wapi sekunde hii, na kuyazuia yasikimbilie kwingine.

Chukua mechi ya waamuzi wawili kwenye uwanja wa wazi hapa Moshi, watazamaji wamesogea mpaka karibu na mstari. Mwamuzi mmoja yuko chini ya kikapu, mwingine anafuata nyuma ya shambulizi. Mpira uko mbali na kikapu, nje ya mstari wa pointi tatu: hilo ni eneo la mwamuzi wa nyuma. Wakati huohuo, chini ya kikapu, beki ameubana mkono wa mshambuliaji kwa kiwiko ili asiweze kuruka. Mwamuzi wa chini akiinua macho kufuata mpira, wote wawili wataona mtu mmoja akidunda, na mkono ule hautaonwa na yeyote. Mchezaji aliyebanwa atajilipizia kwa kusukuma, filimbi italia, na uwanja mzima utaona kosa lake yeye tu.

Hapo ndipo kuaminiana kunapoingia. Huwezi kuuachia mpira kama moyoni unahofia mwenzako hatauona. Kanuni za FIBA, shirikisho la kimataifa la mpira wa kikapu, zenyewe zinasema mwamuzi hana mamlaka ya kutengua wala kuhoji uamuzi ambao mwenzake ameutoa ndani ya majukumu yake.

Imani hiyo hujengwa kabla ya mechi. Waamuzi hutakiwa kuwa uwanjani dakika 20 kabla, na kwa maoni yangu mazungumzo yao yana uzito kuliko kupasha misuli. Filimbi mbili zikilia pamoja, nani anatoa ishara? Mpira ukitoka na hukuona nani kaugusa mwisho, utamtazama mwenzako. Naye akiwa na uhakika, anakuonyesha. Msipokubaliana, ni mpira wa kurushwa, na mshale wa mezani, unaoonyesha ni zamu ya timu ipi kupewa mpira, ndio unaoamua.

Mtihani mkubwa huja pale kocha anapokulalamikia faulo aliyopuliza mwenzako. Jibu ni fupi: "Kocha, yeye ndiye aliyekuwa na nafasi nzuri ya kuona." Ukitikisa kichwa tu kuonyesha kwamba wewe usingepuliza, kocha keshajua pa kupenyea, na robo ya nne yote atakuwa anazungumza na wewe peke yako.